Baridi kali inakaribia: nini kiingie ndani, nini kibaki nje?

Chungu_cha_Roshani
Wakuu, habari zenu. Usiku joto limeshuka hadi nyuzi 6 na jalidi (umande ulioganda) inatarajiwa ndani ya wiki mbili. Roshani ina fikasi, mshubiri na rozimari, zote kwenye vyungu. Bustanini kuna dalia, mawaridi na tuta tupu la kupanda kitunguu saumu. Nianze na lipi? Na matandazo (majani makavu ya kufunika udongo) niweke sasa au nisubiri?

Mizizi
Fikasi iingie leo hii. Chini ya nyuzi 10 inaanza kuumia hata kama majani bado yanang'aa, na madhara huonekana siku kadhaa baadaye. Mshubiri nao uingie. Rozimari iache nje kwanza, jalidi nyepesi haiiui. Ikipata chumba chenye mwanga mwingi na nyuzi 5 hadi 10 itapita salama, lakini karibu na hita hurefuka, ikalegea na kukauka.

Kabla ya kuvuka mlango, geuza kila jani uangalie upande wa chini: vidukari, vidung'ata, utitiri. Osha kwa maji yenye kijiko kimoja cha chai cha sabuni laini ya maji kwa lita, kisha rudia baada ya siku 7. Sabuni huua mdudu iliyemgusa tu, mayai hubaki, ndiyo maana mara moja haitoshi.

Sasa sikiliza hapa, maana ndipo mimea mingi inapofia. Fikasi itapukutisha majani wiki za mwanzo kwa sababu mwanga umepungua ghafla. Mtu akiona hivyo hudhani ina kiu, anamwaga maji, mizizi inakosa hewa na kuoza. Usifanye hivyo! Ingiza kidole sentimita 3 hadi 4 kwenye udongo. Ukikuta unyevu, ondoka. Mshubiri usubiri udongo ukauke hadi chini kabisa. Maji yaliyobaki kwenye kisahani yamwage baada ya nusu saa. Mbolea simamisha mpaka siku zianze kurefuka. Ukiona vinzi vidogo vyeusi vikiruka juu ya chungu, udongo wako haukauki kati ya umwagiliaji mmoja na mwingine.

Jembe_Uma
Upande wa bustani: dalia usiing'oe bado. Ngoja jalidi iyafanye majani kuwa meusi, kisha subiri kama wiki moja. Kata mashina yabaki sentimita 10 hadi 15, chimba kwa kuzunguka umbali wa sentimita 30 kutoka kwenye shina, maana shingo ya kiazi (mzizi mnene wa dalia) ikivunjika kiazi hicho hakichipui. Vigeuze mashina yaangalie chini siku mbili tatu ili maji yaliyomo yatoke. Halafu boksi lenye maranda makavu-makavu, mahali penye giza na nyuzi 4 hadi 8. Kagua kila mwezi: kilichonyauka kinyunyizie maji kidogo, kilichooza kitoe.

Kitunguu saumu panda wiki 4 hivi kabla ardhi haijaganda, ncha juu, kina sentimita 5, nafasi 15. Unataka kitoe mizizi, si majani.

Matandazo: subiri. Hayapashi ardhi joto, kazi yake ni kuifanya ibaki imeganda. Ikiganda na kuyeyuka mara kwa mara, udongo hupanda na kushuka na kuisukuma mimea nje, mizizi ikabaki hewani. Weka sentimita 10 baada ya uso wa ardhi kuganda. Ukiwahi, panya watajenga humo.

Mawaridi usiyapogoe kwa nguvu sasa. Rundika udongo sentimita 20 hadi 30 kwenye shina, ufunike pale waridi lilipounganishwa na mzizi wa aina nyingine. Udongo huo utoe kwingine. Ukiukwangua hapo hapo unaacha mizizi uchi.

Kijani_Daima
Naongeza moja ambalo husahaulika. Ndani maji mengi yanaua, nje ni kiu. Miti isiyopukutisha majani huendelea kupoteza maji kwa upepo na jua la baridi, na ardhi ikishaganda mizizi haiwezi kunywa. Imwagilie kwa kina hadi karibu na siku ya kuganda, hasa iliyopandwa mwaka huu.

Vyungu vya udongo visivyo na mmea vimwage na uvigeuze ndani ya banda. Maji yakiganda hutanuka kwa takriban asilimia 9, na chungu kilichofyonza maji hupasuka. Mpira wa maji pia ukamue wote, na bomba la nje lifungwe kutokea ndani.

Chungu_cha_Roshani
Nashukuru sana. Sina ghala la chini. Dalia nizihifadhi wapi?

Jembe_Uma
Sehemu yoyote isiyo na hita na isiyoganda: ngazi za jengo, gereji iliyoungana na nyumba. Weka kipimajoto ndani ya boksi usiku mmoja wenye baridi. Kikishuka chini ya nyuzi 2, hamisha. Kikizidi 12, zitachipua mapema.