Bodaboda wetu aliuawa, miezi 14 jalada limelala. Tuanzie wapi?

Kijiwe_Chini: Wakuu, dereva wa kijiwe chetu aliuawa na abiria wa usiku, pikipiki na simu vikaondoka. RB, ile namba ya taarifa ya polisi, tunayo. Kituoni jibu ni lile lile, "upelelezi unaendelea", na mpelelezi kahamishwa. Mtaani wameshamtaja kijana mmoja, vijana wanataka kumfuata kwake. Tufanyeje?

Mzee wa Jalada: Poleni sana. RB inaonyesha tu kwamba taarifa ilipokelewa. Ombeni namba ya jalada la uchunguzi, ile ya IR (rejista ya upelelezi). Mpelelezi akihama jalada hubaki kwa OC-CID, mkuu wa upelelezi wa wilaya, na hulala hapo pasipo mtu kukabidhiwa. Kwa hiyo msiulize "kesi imefikia wapi", ulizeni nani kakabidhiwa na tangu lini. Iwe barua ya ndugu wa marehemu, nakala mbili, yenu igongwe muhuri wa kupokelewa. Kimya kikizidi, nendeni kwa RCO, mkuu wa upelelezi wa mkoa, nakala kwa mwendesha mashtaka wa mkoa.

Fundi Chesesi: Fuateni chuma. Namba ya chesesi imegongwa shingoni mwa fremu, karibu na usukani. Ya injini iko kwenye injini yenyewe. Zote mbili zimo kwenye kadi ya pikipiki. Wezi hukwangua ya chesesi kwa grenda, kisha injini huuzwa peke yake ikiwa na namba yake safi. Hata iliyokwanguliwa, wataalamu huweza kuiibua kwa kemikali, kwani kugonga huminya chuma kupita kina cha alama. Mkiiona pikipiki au injini yake mahali, msiiguse, iteni polisi. Simu nayo ina IMEI, namba yake ya utambulisho; ya laini mbili ina IMEI mbili, tarakimu 15 kila moja. Tafuteni boksi la simu, huandikwa hapo.

Kijiwe_Chini: Boksi lipo kwa mjane. Koti lenye damu nalo lipo, kwenye mfuko wa plastiki.

Dada Maabara: Lo! Plastiki hufungia unyevu, kuvu huharibu vinasaba. Lakini msilifue wala kulianika juani, mwiteni mpelelezi leo alichukue kwa hati. Orodhesheni kila aliyelishika. Wakili wa utetezi atauliza lilikuwa wapi miezi 14, na jibu la kubabaisha litalizamisha.

Mzee wa Jalada: Yule kijana asiguswe. Akiungama kwa kipigo, ungamo hilo litapingwa mahakamani. Akifa, mtashtakiwa kwa mauaji, na hayo hayana dhamana. Aliyeona kitu akaandike maelezo. Akiogopa, amtajie mpelelezi sheria ya 2015 ya kulinda watoa taarifa na mashahidi.

Kijiwe_Chini: Kesho asubuhi tunaanza na koti.