Naombeni ushauri: wenzangu wanaziachia njiani riwaya za ukoo

MpendaKurasa:
Habari zenu wakuu. Tupo wasomaji saba, kila mwezi mmoja wetu analeta riwaya aliyoivumbua. Zamu yangu iliyopita nilileta Pachinko ya Min Jin Lee (2017), ya familia ya Wakorea walioko Japani, kuanzia 1910 hadi 1989. Sunja alipokataa kuwa nyumba ndogo ya yule tajiri aliyempa mimba, ilibidi niweke kitabu chini kwanza. Nilimaliza alfajiri.

Wenzangu wanne waliishia katikati. Wanasema ukishamzoea mtu, anazeeka, unaanza upya na mjukuu wake. Mimi hicho ndicho ninachokipenda: bibi anaamua jambo siku moja, na linamkuta mjukuu ambaye halijui kabisa. Zamu yangu imerudi. Nileteeni mlizozigundua, na mniambie niwavuteje.

Binti Riwaya:
Mkuu, Homegoing ya Yaa Gyasi (2016). Mabinti wawili wa mama mmoja, hawajuani. Mmoja anaolewa na Mwingereza katika ngome ya Cape Coast, Ghana, mwenzake amefungiwa chini ya ngome hiyohiyo akingoja kuuzwa utumwani. Sura 14, kila moja na mtu wake, zinapokezana kati ya uzao wa huyu na wa yule. Ina kurasa 300 hivi tu.

Mzee wa Vitabu:
Dada, kitabu ni kizuri sana, ila kwa hao wanne hapana. Wanalalamika kuachanishwa na wahusika, nawe unawapa kinachowaachanisha kila sura! Wape The Covenant of Water ya Abraham Verghese (2023). Binti wa miaka 12 anaozwa Kerala, India, mwaka 1900, na unakaa naye nyumba ileile mpaka anakuwa bibi. Kila kizazi mtu wa ukoo huo anakufa maji, na hilo swali la kwa nini ndilo linalokuvuta. Tatizo ni unene, inapita kurasa 700.

Kalamu Nyeusi:
Kwa mwezi mmoja, 700 ni nyingi. Mimi nasema Kintu ya Jennifer Makumbi (2014). Mwaka 1750, Buganda, baba anampiga kofi mtoto aliyemlea, mtoto anakufa, laana inaanza. Kisha hadithi inaruka hadi wazao wa 2004, kwa hiyo hakuna vizazi vya katikati vya kukariri.

Jambo jingine: waambie wachore mti wa ukoo wenyewe kadiri wanavyosoma. Ule unaochapwa mwanzoni mwa vitabu hivi huwa unaniharibia utamu, unajua nani atamuoa nani kabla hawajakutana. Na Pachinko usiitupe. Imegawanywa sehemu tatu, mngekutana mara tatu, wale wanne wasingechoka.

MpendaKurasa:
Asanteni sana. Mzee, ya Verghese naisoma peke yangu kwanza. Kundi nalipelekea Kintu, na nataka siku ya kwanza niwasomee kurasa chache kwa sauti. Nianze na dibaji ya 2004 au nirukie 1750?

Kalamu Nyeusi:
Dibaji, usiiruke. Mtu anauawa na kundi la watu barabarani, halafu unafunga kitabu hapohapo. Jina lake ni Kamu Kintu. Waache wajiulize hilo la pili limetoka wapi.