Mrejesho: gitaa la tumbo kubwa au dogo?

Wakuu, niliuliza nichukue dreadnought (gitaa la tumbo kubwa) au parlor (la tumbo dogo) kwa kupigia sebuleni na kuimba. Juzi nimeyapiga yote dukani, wimbo uleule.

Dreadnought linanguruma! Besi imejaa, ila nikilichapa linanifunika sauti, na bega la kulia linachoka kukumbatia tumbo lile. Parlor nikidonoa kwa vidole kila uzi unasikika wazi, lakini besi nyembamba mno.

Nimeondoka na la kati, umbo la 000. Upana wake chini ni inchi 15, dreadnought ni 15 na nusu na ushee. Kumbe tofauti kubwa iko kwenye kina. Aliyenishauri nilipakate kabla ya kulipa, asante sana. Mke wangu bado anauliza bei.