Riwaya za zamani za anga: wanawake walijificha sayari gani?

Msomaji_Usiku: Nimemaliza Foundation, riwaya ya anga ya mwandishi Isaac Asimov, kitabu cha 1951. Himaya ya nyota inaporomoka, wanaume wanavuta biri na kupanga njama, kurasa kwa kurasa. Mwanamke wa kuonekana anatokea karibu na mwisho, mke wa mtawala, na kazi yake ni kumsimanga mumewe. Miaka elfu kadhaa mbele, wanawake wamekwenda wapi?

MzeeSayari: Mnawapima marehemu kwa rula ya leo. Hadithi zile zilianza kutoka 1942, mwandishi kijana wa ishirini na kidogo. Halafu mbona humtaji Susan Calvin? Bingwa wa akili za roboti, na huyo ni wa Asimov huyohuyo.

Binti_Mwambao: Mzee wangu, Calvin yupi? Yule wa hadithi ya 1941, roboti anamdanganya kwamba mwenzake kazini anampenda, naye bingwa mzima anaanza kujipaka rangi?

MzeeSayari: Ndiyo maana wanawake hamvisomi vitabu hivi. Mnahesabu rangi ya mdomo.

Binti_Mwambao: Hatuvisomi? Mary Shelley alitoa Frankenstein, riwaya ya mwanasayansi aliyeunda kiumbe hai, 1818, ana miaka 20! Mlango tuliufungua sisi, nyie mkaja kukaa mlangoni mkiuliza nani kawaruhusu wanawake.

MzeeSayari: Usinipandishie sauti, mwanangu.

Binti_Mwambao: Mimi si mwanao.

FundiRedio: Jamani, poleni. Tusisahau Star Trek, kipindi cha televisheni cha safari za anga, cha 1966. Luteni Uhura, mwanamke mweusi, yuko chomboni na cheo chake, na jina la Kiswahili juu.

Mlinda_Lugha: Jina la Kiswahili lipi? Neno ni UHURU. Hiyo -a kaipachika nani?

FundiRedio: Nichelle Nichols, mwigizaji wa Uhura, alieleza mwenyewe. Alikwenda kwenye usaili na riwaya ya Robert Ruark iitwayo Uhuru, ya mambo ya Kenya. Roddenberry, mtunzi wa kipindi, akalipenda neno, wakalilainisha mwisho lisikike la kike.

Mlinda_Lugha: Lilainike! Kwa hiyo uhuru mzima ulikuwa mgumu mno kwa mwanamke?

Binti_Mwambao: Hapo umesema, kaka, hata kama hukukusudia.

Msomaji_Usiku: Luteni sawa, lakini kazi yenyewe si kupokea simu? Nahodha anaamua, yeye anasema laini iko wazi.

FundiRedio: Dharau hiyo. Nichols alitaka kuacha, Malcolm X akamwomba abaki.

MzeeSayari: Malcolm X aliuawa 1965, kipindi hakijaanza. Ni Martin Luther King. Someni kwanza, mtoe povu baadaye.

FundiRedio: King, sawa, nimeteleza. Hoja iko palepale.

Msomaji_Usiku: Nirudi kwenye mada. Kulikuwa na mwandishi akitia saini James Tiptree. Mwaka 1975 mwandishi mwenzake Robert Silverberg aliandika kwamba kumdhani mwanamke ni upuuzi, maana uandishi wake ni wa kiume usiopingika. Kumbe ni Alice Sheldon. Basi mlikuwa mnatambua nini mliposema wanawake hawawezi?

Mlinda_Lugha: Na Nyota? Nimeona kwenye filamu ya Star Trek ya 2009 Uhura anaitwa Nyota Uhura. Kama ni nyota ya uhuru, kiunganishi kiko wapi?

FundiRedio: Ni jina la mtu, bwana. Wewe ukiitwa Juma Mosi tukudai kiunganishi?

Msomaji_Usiku: Tiptree hamjibu?

MzeeSayari: Silverberg alikosea, yamekwisha. Mimi nasubiri yule aliyesema nimekaa mlangoni.

Binti_Mwambao: Ingia basi, mzee, uketi. Nani kakuzuia?

FundiRedio: Kuna sehemu moja ya Star Trek ya 1967 Uhura anafutwa kumbukumbu. Wakimfundisha kusoma upya, Kiingereza kinamshinda, anaangukia Kiswahili.

Mlinda_Lugha: Matamshi yake nimeyasamehe. Ile -a bado.