Kiungulia cha miaka mingi: madhara yake ni yapi?

Mwana_Ngamiani: Habari wakuu. Mtu mwenye kiungulia karibu kila usiku kwa miaka, anatuliza kwa magnesiamu ya kutafuna tu, atarajie nini? Na kipimo cha kamera (ya kupitishwa kooni) ni lazima?

Mfamasia_Tanga: Magnesiamu inapoza asidi iliyopo kwa muda mfupi, umio (njia ya chakula toka kooni hadi tumboni) uliochubuka haiuponyi. Ukichubuka na kupona mara kwa mara hubaki kovu, njia inasinyaa. Dalili yake: nyama na ugali mkavu hukwama kwanza, uji unapita. Kwa kawaida omeprazoli (dawa ya kupunguza asidi) ni mg 20 mara moja kwa siku, nusu saa kabla ya kifungua kinywa, wiki 4 hadi 8. Wengi wanaimeza baada ya chai na mahamri, halafu wanalaumu dawa.

Bahari_Raskazone: Naongezea: seli za chini ya umio zinaweza kubadilika (hali ya Barrett), na wachache kati ya hao hupata saratani. Ila saratani ya umio iliyozoeleka Afrika Mashariki ni ya aina nyingine. Chakula kikikwama, akitapika damu, choo kikiwa cheusi au uzito ukishuka, aende hospitali ya Bombo mara moja, kamera haikwepeki. Mwanaume wa zaidi ya miaka 50, mnene, mvutaji sigara, naye aulizie.

Mfamasia_Tanga: Kweli. Na kulalia mito miwili haisaidii, inakunja tumbo. Weka matofali chini ya miguu ya kitanda upande wa kichwa, sm 15 hadi 20. Pweza wa pilipili usiku wa manane aachane naye. Ale masaa 3 kabla ya kulala.