Vyungu vya kuyeyushia alumini: udongo wa gunia moja, vya Februari vinadumu, vya Julai vinapasuka. Msaada wakuu

Fundi Chikongola
Wakuu heshima kwenu. Niko Mtwara mjini, nayeyusha skrepa ya alumini na kusubu puli za mashine za kusaga. Chungu cha chuma niliachana nacho: alumini ya moto inakula chuma taratibu, na chuma kikishaingia humo puli inakuwa kama biskuti.

Sasa nafinyanga vyungu mwenyewe. Udongo mweupe sehemu 4, kinywe (grafiti) cha Ruangwa sehemu 3, chenga za matofali yanayostahimili moto sehemu 3. Februari nilitengeneza vinne, vyote vizima, kimoja kimeshayeyusha mara ishirini na kitu. Julai nikatengeneza vinne tena, gunia lilelile, vipimo vilevile. Kimoja kilipasukia tanurini, viwili vimekufa safari ya pili, cha nne nakiogopa. Kilichopasuka mwisho kilimwaga kilo nne za alumini kwenye mchanga. Mungu mwema nilikuwa na buti. Niongeze nini kwenye mchanganyiko?

Kusini Kwetu
Weka saruji kikombe kimoja mkuu. Kitashika kama zege.

Mzee wa Tanuru
Usimpoteze mwenzio. Saruji inashikana kwa sababu ya maji iliyoyanywa. Ikipita nyuzi 450 hivi maji hayo yanatoka, na kinachobaki kinabomoka.

Fundi, kama vipimo ni vilevile, mchanganyiko hauna kesi. Kipande kilichovunjika kina rangi gani ukikitazama ubavuni? Ufa ni wa wima au umezunguka kama mkanda? Vilikaukia wapi?

Fundi Chikongola
Ninacho mkononi. Katikati cheusi, kinameremeta. Nje kuna ganda la rangi ya mchanga, unene wa nusu kidole, nikilikwaruza kwa ukucha linamung'unyika. Ufa wa wima kutoka mdomoni. Vilikaukia dirishani, kusi lilikuwa linavuma nikaona bahati, siku tatu tayari. Vya Februari vilikaa chumba cha ndani zaidi ya wiki mbili, mvua haikatiki, sikuwa na pa kuvipeleka.

Binti Newala
Bibi yangu alikuwa mfinyanzi, mitungi yake ilikauka uvunguni mwa kitanda, imefunikwa kanga kuukuu. Ukifungua mlango upepo uingie, unafukuzwa.

Mzee wa Tanuru
Bibi alijua kazi. Maji yakitoka, chembe za udongo zinasogeleana na chungu kinanywea. Upande wa dirishani ulinywea kwanza, wa pili bado mbichi ukakataa kufuata, wakavutana. Ufa unaozaliwa hapo unaweza kuwa mwembamba kuliko unywele, huuoni. Chuma kingepinda kidogo kabla ya kukatika. Keramiki haipindi, mvutano wote unakwenda kukaa kwenye ncha ya ufa. Mwingereza Griffith alilieleza hilo kwa kioo mwaka 1921. Ukuta unene wowote, nguvu yake ni ya ufa wake mbaya kuliko wote.

Ganda ni ugonjwa wa pili. Kinywe kikipata hewa kwenye nyuzi 600 na kuendelea kinaungua, na kila kilipokuwa panabaki tundu. Kwa keramiki nyingi, matundu asilimia 10 tu yanaweza kuondoka na karibu nusu ya nguvu, na lako limekuwa kama mkate. Kuna kitu ulibadilisha tanurini?

Fundi Chikongola
Feni. Nachomea oili chafu, Juni nilinunua feni kubwa nipunguze moshi, majirani walikuwa wanalalamika. Duh.

Mzee wa Tanuru
Basi majirani wamekula vyungu vyako 😀

Fanya sanduku la udongo lenye mfuniko, chungu kikae ndani, nafasi yote ujaze mkaa uliotwangwa. Hewa ikiingia itaula mkaa kwanza. Moto uwe wa polepole mpaka upite nyuzi 600: kati ya 450 na hapo udongo unatoa maji yake ya ndani, na kwenye 573 mchanga uliomo unatanuka ghafla. Ukishavuka, panda mpaka 1,150 au 1,200, tulia saa mbili. Kwenye 900 chembe zimegusana tu. Huko juu sehemu ya udongo inayeyuka, inakuwa kioo kinachoziunganisha.

Kusini Kwetu
Nimefuta wazo la saruji.

Fundi Chikongola
Asante sana mzee. Na hiki cha nne? Kwa macho hakina kitu.

Mzee wa Tanuru
Kiweke kwenye kiganja kikiwa kikavu, kigonge na kijiti. Halafu gonga cha Februari.

Fundi Chikongola
Cha Februari kinalia kama kengele. Hiki kinasema "ko", kama nazi mbovu.

Mzee wa Tanuru
Kivunje. Twanga, chekecha, hizo ni chenga za awamu ijayo. Ganda la nje kwaruza utupe.