Mti wa miiba umepukutika majani huku mvua inanyesha. Unakufa, au ndivyo ulivyo?

MwanaLukuledi

Wakuu, shikamooni kwa wakubwa, na wengine habari za mvua.

Naandika kutoka Mtama, Lindi. Mwaka juzi nilirithi kipande cha shamba la marehemu mjomba, kama ekari tatu, kule bondeni upande wa mto Lukuledi. Juu kuna mikorosho, chini udongo ni tifutifu, ndipo napanda mahindi na kunde. Katikati ya mahindi kuna mti mmoja mkubwa wa miiba, watu wawili wakishikana mikono ndio wanauzunguka. Mjomba alifyeka vyote akauacha huo. Sikuwahi kumuuliza kwa nini, na sasa hayupo wa kuulizwa.

Kilichonileta ni hiki. Desemba mvua zilipoanza, kila kitu kilichipua, hata visiki nilivyodhani vimekufa. Mti ule ndio kwanza ukaanza kupukutika. Sasa ni mwisho wa Januari, nyasi zimefika magotini, na wenyewe uko uchi kama uliopitiwa na moto. Mwaka jana ilikuwa hivyo hivyo, nikasema ni mchwa. Safari hii nimeukwangua gome kidogo kwa panga: ndani mbichi kabisa, unatoa maji. Halafu nakumbuka mwezi wa saba, tulipokuwa tunapuliza salfa kwenye mikorosho, mchana tulishuka bondeni kula ugali chini yake kwa sababu kivuli kilikuwa kimejaa. Kifuku unavua, kiangazi unavaa. Ni ugonjwa gani huo?

Mama mdogo anasema mti huo una wenyewe, nisiuguse. Jirani anachoma mkaa na ameshataja bei, kwa hiyo ushauri wake naupokea kwa tahadhari. Mimi shida yangu kubwa ni miiba. Tangu Novemba nimeziba pancha nne, na fundi sasa akiniona kwa mbali anaanza kuchomoa zana.

Nikate au niache? Picha simu yangu haitoi vizuri, samahani.

Fundi_Masasi

Mimi ni fundi pancha, naomba usiukate.

Utani pembeni. Hiyo nadhani ni mkulagembe, huku kwetu imejaa kwenye mashamba yaliyotelekezwa. Ukikata inachipua mara kumi.

BintiNachingwea

Fundi, mkulagembe hauzungukwi na watu wawili, ndugu yangu. Ule ni kichaka, na maua yake huwezi kuyasahau: nusu ya waridi, nusu njano, yananing'inia kama taa ya karatasi. Mwiba wake pia ni kijitawi kilichochongoka ncha, mara nyingine unaukuta umeota majani juu yake. Ila la kuchipua umesema kweli, mizizi yake inatoa watoto kila unapoikwaruza.

Mleta mada asubiri Mzee wa Kitalu apite.

Mzee wa Kitalu

Marahaba kijana. Nimestaafu kazi ya miche lakini miti bado inaniita.

Kabla sijautaja jina, nenda kauangalie kwa karibu. Sisi huku kila chenye miiba na vijani vidogo tunaita mgunga tukamaliza, kumbe ndani ya jina hilo kuna miti mingi, na tabia zake hazifanani. Mwiba ndio kitambulisho. Shika kitawi kichanga, tafuta mahali jani linapoota. Je, miiba ni miwili miwili? Imenyooka au imepinda kama kucha ya paka? Inatoka palepale ubavuni mwa jani, au chini yake kidogo? Kisha angalia shina: lina vinundu vyenye ncha, au ni gome tupu? Na chini kama kuna maganda ya zamani, niambie yamekaaje.

MwanaLukuledi

Nimetoka shambani sasa hivi, na damu ya kidole nimeifuta.

Miiba ni miwili miwili, imenyooka, mirefu kama kucha ya kidole gumba na kidogo zaidi. Kitako cha mwiba ni kinene, ncha ina rangi ya kahawia. Inatoka pale pale jani lilipokuwa, moja kulia moja kushoto. Vitawi ni vyeupe vyeupe na vinakwenda upogoupogo. Shina gome tupu, la kijivu, limepasukapasuka. Maganda nimekuta machache yaliyooza. Yamejikunja, kama ganda la chungwa ukilimenya bila kukata halafu likakauka. Mama mdogo anasema yakiwa mapya yana rangi ya machungwa na mbuzi wanayapigania.

Mzee wa Kitalu

Basi umeshajijibu, umekosa jina tu. Huo ni mkababu. Wengine wanauita mgunga vilevile, na wataalamu wanauandika *Faidherbia albida*. Ng'ambo ya ziwa, Malawi, wanauita msangu, na wakulima wa kule wanalima mahindi chini yake tangu enzi za babu zao.

Haufi. Ndivyo ulivyo. Miti mingi ya nchi kavu hutupa majani kiangazi ili isipoteze maji. Mkababu umegeuza kalenda: mvua zikishika unapukutika, na mvua zikikata unachipua. Unaweza kufanya hivyo kwa sababu mzizi wake mkuu unachimba chini sana, unafika kwenye maji ambayo mahindi yako hayajui hata kama yapo. Ndiyo sababu mara nyingi unaukuta mabondeni na kingo za mito kama hapo kwako. Kiangazi, wenzake wamelala, jua ni kali na maji anayo chini, anafanya kazi peke yake. Maua utayaona baada ya majani, mashuke ya rangi ya maziwa yenye urefu wa kidole, nyuki hawaondoki.

Sasa kuhusu mwiba niliokutuma ukaangalie. Miti mingi huota vijani viwili vidogo sana pembeni ya kikonyo cha jani. Kwenye mkababu vijani hivyo ndivyo vilivyogeuka miiba, ndiyo maana ni jozi, imenyooka, na imekaa kulia na kushoto. Kuna migunga mingine mingi ya namna hiyo, lakini maua yao kwa kawaida ni vipira vya duara. Kundi hilo siku hizi linaitwa *Vachellia*. Lile lenye miiba iliyopinda kama kulabu, inayoota kwenye ngozi ya tawi, ni *Senegalia*, na maua yao mara nyingi ni mashuke. Mkababu una mwiba wa kundi la kwanza na shuke la kundi la pili. Haukukaa vizuri popote, na mwaka 1934 Mfaransa Auguste Chevalier akautengea kundi lake peke yake, *Faidherbia*, kwa heshima ya Faidherbe aliyekuwa gavana wa Senegal. (Mti wa kwetu, jina la gavana. Tuliache hilo.)

Tulipokuwa vijana yote haya tulifundishwa ni *Acacia*. Mwaka 2005 wataalamu wa mimea walikutana Vienna wakaamua jina hilo libaki na jamaa zao wa Australia, wakalithibitisha Melbourne mwaka 2011. Yaani migunga ya Afrika, iliyobeba jina hilo miaka yote, ikanyang'anywa. Mimi bado ulimi unanipeleka kule kule.

Kukata: usikate. Fikiria hesabu ya mjomba wako. Mahindi yanapohitaji jua, mti hauna kivuli. Unapopukutika, majani yanaanguka wakati mbegu inaingia ardhini. Mizizi yake, kama ya kunde zako, ina vinundu vyenye bakteria wanaovuta naitrojeni kutoka hewani. Kiangazi mbuzi wanajilaza chini, wanakula maganda na kuacha samadi. Linganisha mahindi yaliyo chini ya mti na yaliyo mbali, uniambie rangi.

Kwa pancha, pogoa matawi ya chini tu, na ulichokata usikiache njiani. Peleka kikazungushie zizi.

MwanaLukuledi

Mzee wangu, kwa kweli mahindi ya pale chini ni ya kijani iliyokolea na yamewazidi wenzake kwa kimo. Nilidhani ni kwa sababu maji yanatuama.

Swali moja. Nikitaka ya kuotesha, naweza kuweka na kule juu kwenye mikorosho?

Mzee wa Kitalu

Kwenye mikorosho hapana. Mkorosho una majani yake mwaka mzima na unataka jua, haswa kiangazi unapotoa maua, na kivuli cha mkababu kitaujia wakati huo huo. Weka bondeni kwenye mahindi. Zambia wanapanda mita 10 kwa 10, yaani miti 100 kwa hekta, lakini kwa ekari zako anza na michache.

Okota maganda yakianguka mwishoni mwa kiangazi, kabla ya mbuzi. Mbegu yenye tundu tupa, mdudu ameshapita. Ganda la mbegu ni gumu kama kokoto. Chemsha maji, epua, mwagia, acha zilale humo usiku kucha. Asubuhi zilizovimba ndizo za kupanda, zilizobaki rudia. Kama umechelewa na mbuzi wamewahi, fagia zizini, baadhi ya mbegu hupita tumboni salama na zimeshalainika.

Kwenye viriba uwe macho. Mzizi unatoboa kiriba na kushika ardhi ungali mche wa kiganja. Sogeza viriba mara kwa mara, au panda moja kwa moja shambani mvua zinapoanza. Mwaka wa kwanza na wa pili zungushia matawi ya miiba, maana mbuzi anapenda mche kuliko ganda. Na moto wa kusafishia shamba usiupeleke upande ule.

Fundi_Masasi

Miti 100 kwa hekta. Nahamia Mtama.

MwanaLukuledi

Fundi, usije.

Jirani nimemwambia hauuzwi, akanuna, kisha akaomba matawi nitakayopogoa. Nitampa nusu, nusu ni ya zizi. Mama mdogo nimemsomea yote mlioandika, neno kwa neno, mpaka habari za Vienna. Alisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Kwani mimi nilikwambiaje?"